Uzuri wa Mkakasi

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaukumbuka mwaka 2006 kwa mgao wa umeme. Mvua zilikuwa haba, mabwawa yakapungua maji, na nyumba zetu zikazoea kandili na mishumaa. Sisi tunaukumbuka kwa jambo hilo na kwa jingine dogo zaidi: kaseti ya gemu, nyembamba kuliko kiberiti, tuliyomnunulia mwanetu siku za mwisho za Ramadhani. Kaseti ile haikuwa na matusi ndani yake wala picha za kuaibisha. Ilikuwa mbovu tu, kwa maana ya kazi iliyofanywa bila moyo. Lakini ubovu wake ulitufunulia kasoro nyingine iliyokuwamo nyumbani mwetu, ambayo huenda tusingeiona kama gemu ile ingekuwa nzuri.

Mwanetu alikuwa na umri wa miaka tisa. Mjomba wake, anayeishi Muscat, alikuja likizo mwaka huo pamoja na familia yake. Walipokuwa wanaondoka, binamu yake alimwachia mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi, aina ya Game Boy Advance, kwa kuwa yeye alikwishapata toleo jipya zaidi. Mashine hiyo ilitoka Japani mwaka 2001. Kioo chake kina upana wa nukta 240 na kimo cha nukta 160, na betri mbili ndogo za saizi ya AA huiendesha kwa muda wa saa 15 hivi. Jambo moja kuhusu kioo hicho tunamwomba msomaji alikumbuke: hakina mwanga wake chenyewe. Anayecheza hana budi kukaa dirishani au chini ya taa, na aliye upande wa pili wa chumba haoni kitu ila weusi.

Katika likizo ile watoto wawili hao walicheza kwa zamu gemu moja tu, Mario Kart: Super Circuit. Ni mbio za vigari vidogo, na asili yake ni Super Mario Kart, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1992. Kampuni hiyo ilikwishakuwa na gemu ya mbio za kasi iitwayo F-Zero, ya mwaka 1990, ambayo mtu alikimbia peke yake. Safari hii watengenezaji walitaka watu wawili washindane kwenye kioo kimoja. Ndipo yakaja magari madogo, njia fupi zenye kona za karibu, na vituko vya kumwachia ganda la ndizi anayekufuata nyuma ili ateleze. Tuliwasikia wakicheka mpaka wageni barazani wakauliza kuna nini. Binamu alipoondoka, aliondoka na kaseti yake, maana hata mashine yake mpya iliweza kuisoma. Mwanetu akabaki na mashine isiyo na kaseti hata moja.

Wakati huo alikuwa anakaribia kumaliza kuhifadhi Juzuu Amma, sura 37 za mwisho wa Msahafu. Tulimwahidi kwamba akiikamilisha kabla ya Idd tutampa zawadi aitakayo. Hakusita. Alitaka ile ya ganda la ndizi. Tukakubali, na wiki mbili kabla ya Idd akasimama mbele ya ustadhi wake akasoma mwanzo hadi mwisho bila kusahihishwa, alhamdulillah. Ahadi ikawa deni.

Tulikwenda Kariakoo sote wawili, zikiwa zimebaki siku tatu kuandama kwa mwezi. Kila mwenye familia anajua hali ya mfuko siku hizo: nguo za watoto, mchele, nyama, zakatul-fitri, na nauli ya kwenda kuwaamkia wazee. Tulipata duka linalouza bidhaa za Dubai. Muuzaji alituwekea kaseti mbili juu ya kabati la kioo. Ya kwanza ilikuwa ile tuliyotumwa: imetumika, haina boksi, karatasi yake imechunika pembeni, na bei yake mara mbili ya mwenzake. Ya pili ilikuwa mpya, imefungwa ndani ya boksi lake, na juu ya boksi wamechorwa mashujaa wa filamu moja ya katuni wakiwa ndani ya vigari, meno nje, vumbi likitimka nyuma yao. Filamu hiyo tulikwishaitazama nyumbani kwenye deki mara nyingi, hata watoto walijua maneno kabla hayajasemwa. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa hatukuandika makala haya kudai fidia.

Mmoja wetu aliuliza kama gemu hizo mbili zina tofauti. Muuzaji akajibu, "Zote magari, mama."

Hakusema uongo. Zote zilikuwa za magari. Tukatazamana, tukaitazama bei, tukalitazama boksi. Kwa fedha tuliyookoa tukanunua pea mbili za betri za akiba, tukaondoka tukijiona watu wenye busara.

Asubuhi ya Idd, baada ya kurejea kutoka uwanjani kuswali, tulimkabidhi. Alilifungua boksi polepole. Akaigeuza kaseti mkononi, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hii ndiyo ile?"

Tukamjibu, "Ni ileile, ila hii ina watu wa filamu yako."

Alinyamaza kidogo, muda wa kumeza mate. Kisha akasema, "Ahsante Baba, ahsante Mama," akatubusu mikono.

Miezi miwili iliyofuata tulikuwa watu wa furaha. Kila jioni, mmoja wetu aliporudi kazini, alimkuta mtoto dirishani, mashine mkononi, vidole gumba vikienda juu ya vitufe. Hatukusikia mlio wowote, tukadhani ameizima sauti kwa adabu, asitusumbue. Tulimpigia simu mjomba wake tukamwambia kijana habanduki. Tuliwasimulia hata majirani kwamba mtoto anahitaji zawadi moja tu iliyochaguliwa vizuri.

Mwezi Januari taa zilizimika usiku mmoja, na tochi ikawa imekufa. Tulipofungua kabati kutafuta betri, tulizikuta zile pea mbili za akiba ndani ya plastiki yake, hazijaguswa. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kutusumbua. Betri za mashine ile hudumu saa 15 hivi. Mtoto anayecheza saa moja kila siku angetaka betri mpya kila baada ya wiki mbili. Wa kwetu alikuwa hajaomba hata mara moja tangu Idd.

Tuliichukua mashine pale alipoiweka kando ya mto, yeye akiwa amelala, tukaiwasha chini ya kandili. Kitaa chake cha pembeni kikawaka kijani, kwani betri zilezile za siku ya Idd zilikuwa bado na nguvu. Tukacheza, kwa zamu, kwa muda wa saa nzima.

Ndugu msomaji, hatukuwa na uzoefu wa michezo hii, lakini haikuhitaji uzoefu. Katika mashine kama ile, barabara ni picha bapa moja, mithili ya mkeka, ambayo mashine huilaza na kuizungusha upesi mpaka jicho linadhani linasonga mbele. Fundi mzuri hukufanya uusahau mkeka. Katika gemu yetu mkeka ulionekana muda wote. Ukikata kona, gari halikuelekea ila dunia nzima ilizunguka chini yake, nalo likateleza kama sabuni kwenye sinia. Miti ya kando ya njia ilikuwa kama vipande vya karatasi vilivyosimamishwa. Mashujaa waliotuchekesha kwenye filamu hawakuwa na kicheko humo. Mgongo wa mmoja haukutofautiana na wa mwingine isipokuwa kwa rangi. Ukimrushia mwenzio kitu, aliyumba mara moja akaendelea na safari kana kwamba hakuguswa. Na gemu haikuwa na kumbukumbu ya kuhifadhi hatua uliyofikia. Ilitoa mfululizo wa herufi ili uziandike mahali, uziingize tena siku nyingine. Tulifungua ukurasa wa mwisho wa daftari lake, tukakuta mstari mmoja tu wa herufi, umeandikwa kwa uangalifu. Haukufuatiwa na mwingine.

Michezo inayotokana na filamu ina historia yake katika mambo haya. Mfano mashuhuri ni ule wa E.T., filamu iliyotoka Marekani mwaka 1982. Kampuni ya Atari ilipata haki ya kuitengenezea gemu mnamo Julai mwaka huohuo, na ikataka iwe madukani kabla ya Krismasi. Fundi wake, Howard Scott Warshaw, alipewa wiki tano hivi kuifanya kazi yote. Kaseti zikatolewa kwa mamilioni, nyingi zikarudi au hazikununuliwa, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa za kampuni hiyo ikazikwa katika jaa la taka la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Mwaka 2014 jaa hilo lilifukuliwa, na kaseti za E.T. zikatolewa mchangani. Sababu yake haikuwa ujinga wa fundi, maana Warshaw alikwishatengeneza gemu nyingine zilizosifiwa. Sababu ilikuwa kwamba siku ya kuuza ilipangwa kabla ya kazi kuanza, na jina la filamu likategemewa kufanya yale ambayo kazi yenyewe ilipaswa kufanya. Mzazi dukani haijaribu gemu, hutazama picha. Mtoto ndiye anayekuja kuijua, na wakati huo fedha imekwishapokewa.

Wahenga wetu walikwishalisema bila kuona kaseti: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Laiti kisa kingeishia hapo, tungewalaumu wafanyabiashara na kulala. Lakini swali lilibaki. Kama gemu haichezeki, na betri hazikuisha, mwanetu alikuwa akifanya nini dirishani kila jioni?

Kesho yake, alasiri, mmoja wetu alirudi mapema na kuingilia mlango wa uani. Mtoto alikuwa pale pale dirishani, mashine mkononi, vidole vikienda. Kwa nyuma yake kioo kilionekana vizuri kwa nuru ya jua. Kilikuwa kimezimwa.

Tulikaa naye jioni hiyo, baada ya swala ya magharibi, watatu tu. Hatukutaka aone kwamba yuko mahakamani. Tukamwambia kwamba tumeijaribu gemu na tumeiona ni mbaya. Uso wake ulibadilika, si kwa hofu ila kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ni mbaya kweli?" akauliza.

"Ni mbaya kweli. Kwani wewe uliionaje?"

"Mlisema ni ileile," akajibu. "Nikadhani mimi ndiye sijui kuicheza."

Tukamuuliza kwa nini basi alikuwa akikaa nayo ilhali imezimwa. Akatazama miguu yake. "Baba akinikuta nayo anafurahi."

Hatukuwa na la kusema kwa muda. Mtoto wa miaka tisa, aliyehifadhi sura 37 kwa ajili ya zawadi aliyoahidiwa, alikuwa kwa miezi miwili akitulipa sisi. Kila jioni alitupatia dakika zake kumi za maigizo ili tusijue kwamba tumemwangusha. Na kibaya zaidi, alikwishaanza kuamini kwamba kasoro ni yake.

Tulitafakari sana usiku ule. Tangu udogo wake tulimfundisha kwamba anayepewa kitu hakitii dosari. Akipewa chakula asiseme hakina chumvi, na akipewa nguo asiseme inambana mbele ya aliyeileta. Mafunzo hayo ni mema na hatuyajutii. Lakini tulimfundisha shukrani bila kumwachia njia ya kusema kweli, naye akaelewa kwamba mtu mwenye shukrani ni yule anayeficha. Leo ni gemu. Tulijiuliza, kesho akiumizwa na mtu aliyempa peremende, au akitukanwa na mwalimu tunayemheshimu, atatuambia kwa ulimi upi?

Kipo kisa maarufu kinachosimuliwa misikitini mara kwa mara. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini yake umajimaji ilhali juu ni kavu. Muuzaji akasema ni mvua. Naye akamlaumu kwa kutokuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Tulikuwa tumekisikia tangu utotoni, na kila mara tulimfikiria mfanyabiashara. Usiku ule tuliona kwamba lundo la aina hiyo lilikuwa sebuleni kwetu. Watengenezaji waliweka picha ya mashujaa juu. Sisi tukaweka neno "ni ileile" juu. Mtoto, kwa kutupenda, akaweka vidole vyake juu. Na wa kwanza kustahili lawama kati ya wote hao hakuwa mtu wa mbali, kwa sababu watengenezaji hawakumwahidi mwanetu kitu. Sisi ndio tuliomwahidi.

Asubuhi tulimwomba radhi. Tulimwambia wazi kwamba siku ile dukani tuliiona aliyoitaka, tukaiacha kwa sababu ya bei, na kwamba tulipaswa kumwambia hivyo siku ya Idd. Alitusikiliza, kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia: "Mngeniambia ningengoja." Tunaamini angengoja.

Mtihani haukuchelewa. Wiki ileile kijana wa jirani, ambaye naye alikuwa na mashine kama ile, aliliona boksi juu ya kabati, akavutiwa na picha kama tulivyovutiwa sisi, akataka kuinunua. Alitaja bei nzuri, karibu sawa na tuliyotoa Kariakoo. Tunaona haya kuandika, lakini tutaandika: mmoja wetu alimwambia mwanetu kando, "Mpe tu, usimweleze mengi. Huenda yeye akaipenda." Baada ya yote yale!

Mwanetu alitutazama. "Nisimwambie?"

Ukimya ulikuwa mrefu kidogo kuliko ulivyostahili. Kisha tukasema, "Mwambie."

Akamwambia yote, bila kuongeza wala kupunguza, kama alivyosoma mbele ya ustadhi wake. Gari linateleza. Miti ni kama karatasi. Ukizima, lazima uwe umeandika herufi. Kijana yule alifikiri, akapunguza bei hadi nusu, na bado akaichukua. Alisema ana mdogo wake wa miaka mitano anayeipenda sana filamu ile. Baadaye tulisikia kwamba binti huyo aliipenda kweli. Hakuwa na haja ya kushinda mbio. Aliliacha gari litoke njiani na kuzurura kati ya miti ya karatasi, huku akiwatajia mashujaa wake majina yao. Nafaka iliyolowa nayo ina wa kuinunua, mradi aione kabla ya kulipa.

Tangu hapo tumeweka desturi nyumbani kwetu. Tukitoa ahadi tusiyoweza kuitimiza, tunasema hatujaweza, na tunataja siku nyingine, insha Allah. Mtoto akipewa kitu, anashukuru mbele ya aliyempa, kisha faraghani tunamuuliza, "Umekionaje?" na jibu lolote halimletei karipio. Mjomba naye tulimpigia simu, tukamsimulia ilivyokuwa. Alicheka, kisha akanyamaza, akasema atakwenda kumuuliza mwanawe maswali fulani.

Kwa fedha ile ya nusu bei, na nyongeza yetu, tulirudi Kariakoo mwezi Februari, safari hii tukiwa watatu. Kaseti ya ganda la ndizi ilikuwa bado ipo, haina boksi, karatasi imechunika. Muuzaji hakuwa na la kuisifia. Mwanetu aliichukua kwa mikono miwili.

Wiki ya pili, jioni moja ya mgao, alitujia mbio kutoka dirishani, mashine mkononi, kitaa cha pembeni kimegeuka chekundu.

"Baba, Mama," akasema, "betri zimekwisha."

Tulikwenda kabatini kumfungulia zile za akiba, tukihimidi.